Mkono wa Rahabu

Asiyejua kwa nini kidole kimoja hakivunji chawa na ajaribu mwenyewe: chawa atabonyezwa, atateleza, ataendelea na safari zake. Gasto hakuwahi kujaribu. Aliamini kidole chake kinatosha.

Alikuwa mpima damu katika hospitali ndogo kando ya njia ya kwenda Sepuka, miaka ile watu walipohamia vijiji vya ujamaa. Wenzake walilima pamoja. Yeye maabara aliifanya shamba lake binafsi. Rahabu, msaidizi aliyetoka mafunzoni, aliachiwa kuosha chupa.

Asubuhi moja Febronia, mke wa Gasto, alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Asipoongezewa, asingefika jioni. Kaka yake, Melkizedeki, alikunja shati.

"Chukua yangu, shemeji, hata debe!"

Makundi yao ya damu yalilingana. Gasto akachanganya damu ya Melkizedeki na seramu ya Febronia, yaani maji ya damu yake, akatazama: hakuna kilichoganda.

"Kaka Gasto," Rahabu alisema akishika kadi ya Febronia, "mkeo aliwahi kuongezewa damu uzazi uliopita. Tutie seramu ya pili."

Gasto alijua maana yake: damu ile ya uzazi uliopita huenda iliuachia mwili wa Febronia kingamwili, askari wa kukamata chembe ngeni. Kingamwili ina umbo la panda ya manati: mikono miwili hushika chembe ya damu, mpini hubaki nje. Nyingine hushika chembe ngeni bila kuweza kuziunganisha, na mpimaji asione kitu. Ndipo hutiwa seramu ya pili, yenye kingamwili ya pili, ishike mipini ya zile za kwanza na kuzikusanya chembe zigande waziwazi. Lakini kwanza chembe huoshwa kwa maji ya chumvi mara tatu, zikizungushwa kwa mashine ya mkono.

Moyo wa Gasto ulikuwa juu juu. Alichungulia wodi, akarudi, akachungulia tena. Alizungusha mara moja, mkono ukafa ganzi. Rahabu akanyoosha wake.

"Niache! Ni mke wangu!"

Akatia seramu, akatikisa. Hakuna kilichoganda. "Mtoeni Melkizedeki damu!"

Rahabu aliziba mlango. "Umeosha mara ngapi?"

Gasto aliinua kidole kimoja.

"Kingamwili zilizobaki zikielea ndizo zimeidaka ya pili njiani. Kaka, shikamoo yangu unaipokea kila siku. Leo pokea na mkono wangu."

Aibu na hofu vikamshika Gasto kwa pamoja. Akampisha. Rahabu akazungusha, yeye akamwaga na kujaza, mara tatu. Seramu ya pili ilipoingia, damu ikaganda mabongemabonge kama maziwa yaliyochacha. Damu ya Melkizedeki ingemuua dada yake.

Gasto alikimbia hadi shamba la kijiji, ambako hakuwa amekanyaga tangu masika, akaomba damu bila haya. Watu tisa waliacha majembe, wakaja na vumbi lao. Rahabu hakuchoka kuzungusha. Damu ya mjane mmoja, Damari, ilibaki laini kwa seramu zote mbili, ikaingizwa mishipani mwa Febronia.

Jua lilikuwa bado halijazama Febronia alipofumbua macho na kuuliza mtoto yuko wapi. Gasto alilia mbele za watu. Kesho yake alichongesha ufunguo wa pili wa maabara, akamkabidhi Rahabu.

Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.