Kwa Nini Radi Hupiga Kwanza, Hodi Baadaye

Mnaniuliza kwa nini nawanyamazisha mbingu zikinguruma. Si woga. Woga niliumaliza siku nilipoolewa. Kaeni vizuri, na huyo anayemvuta mwenzake nywele aache.

Zamani ngurumo haikuwapo. Radi ilipiga kimyakimya, na aliyeileta ni Impundulu, ndege wa huko kusini kwa Waxhosa, mrefu kama mtu, mweusi mgongoni, mweupe tumboni. Akikunjua mabawa, umeme unatoka. Watu walimwogopa kuliko chui, maana chui angalau hunuka. Huyu hakutoa taarifa. Unakoroga uji, unageuka, nyumba haina paa na maziwa yamekwisha. Kwa maziwa hakuwa na haya hata kidogo.

Mjane mmoja, Nosakhele, alikuwa ameshaunguziwa ng'ombe wawili. Alibaki na mmoja, na binti yake Vuyelwa alikuwa amejifungua mapacha ambao maziwa ya mama hayakuwatosha. Ng'ombe yule akifa, watoto nao wangefuata.

Siku moja Impundulu aliingia, akakuta kibuyu cha maziwa ya mgando nyuma ya mlango. Kwa ulafi akatumbukiza kichwa kizima, kikanasa. Nosakhele akamkalia mabawa. Angemuua, lakini shoka lilikuwa nje, na yeye hakutaka kuinuka.

"Mama, nihurumie," sauti ikatoka kibuyuni.

"Mama yako nani? Ningekuzaa mimi, ungejua kupiga hodi! Mgeni husimama nje ya zizi, huita, husubiri."

"Nitapiga hodi."

"Na usipoitikiwa?"

"Nitakwenda zangu."

Akamwapisha kwa mayai yake yote, ndipo akakipasua kibuyu kwa mchi. Kilikuwa kibuyu kizuri.

Mvua iliyofuata, ndege akaja mbio, akanusa maziwa, akasahau. Umeme ukapasua nguzo ya zizi, hatua tatu tu kutoka kwa ng'ombe. Hapo akayakumbuka mayai yake.

"HODIII!"

Vyungu vikaanguka. Mume wa Vuyelwa, Mzimasi, kijana mwenye adabu nyingi na akili za kuazima, akafungua mdomo: "Ka..." Kwa desturi yao mama mkwe hamkaribii mkwewe, lakini siku hiyo desturi ilingoja. Nosakhele alimshindilia mdomoni nusu boga, la moto.

Kimya. Hata mapacha walinyamaza. Ndege akabisha tena, akasubiri, kisha akaenda kujaribu kwa jirani, halafu ng'ambo ya mto, akinung'unika njia nzima. Zizini, ng'ombe akaendelea kucheua.

Toka siku ile, yule ndege hupiga kwanza, hodi huikumbuka baadaye, kama wageni wengine ninaowajua. Nasi akibisha tunafunga midomo mpaka achoke.

Mnamsikia? Ameshafika kilimani. Boga langu limeiva. Haya, mwenye adabu nyingi aitike.