Kikapu cha Kwanza cha Faki

Aliye na halua mdomoni aimeze kwanza, maana mwisho nitauliza swali na sitaki kujibiwa kwa kutafuna.

Hapo Wete walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Bi Mize, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, alikuwa na vidole vinavyojua maumivu yalipo kabla mgonjwa hajasema. Shaame, mkorogaji katika kiwanda kidogo cha halua, alikuwa na maskhara ya kumchekesha hata mfiwa. Na Bi Time, mwenye kiwanda, alikuwa na kipaji kinachoudhi wengi: hakuweza kusema uongo, hata wa kujisaidia.

Faki ndiye aliyekuwa mkorogaji wao bora. Siku moja aliteleza kwenye samli iliyomwagika sakafuni, akaangukia bega la kulia. Mfupa uliunga, lakini mkono ukagoma kuinuka kupita kifua. Bi Mize alimweleza wazi kwamba asipopata miezi ya mazoezi, bega litaganda hivyo hivyo na mwiko hataushika tena. Faki hakujua kazi nyingine, wala hakuitaka. Alilia, na mimi simcheki.

Matibabu hayo yalihitaji kibali cha ofisi ya fidia kwa walioumia kazini. Bi Mize akaomba. Afisa, Bwana Sleyum, mtu mwema ambaye hajawahi kusimama jikoni, alimwita Faki akamkaribisha chai. Faki akainua kikombe hadi kifuani, akakiinamia, akanywa.

"Mbona mkono mzima?" akasema afisa. "Kukoroga halua na kukoroga uji kuna tofauti gani?"

Ombi likakataliwa. Bi Mize hakukubali yaishie kwenye kikombe cha chai. Aliomba upya, akaeleza kila zoezi na sababu yake, kisha akamtaka afisa aje aione kazi yenyewe, kwa kuwa bega hupimwa kwa kazi linayorudi kuifanya. Asingeomba mara ya pili, afisa asingekuja.

Afisa alipokuja, Shaame alimpokea kwa heshima zote, akamkabidhi mwiko uliomzidi kimo. Halua ilikuwa inaanza kushika.

"Karibu, bwana, tukoroge uji," akasema.

Afisa akacheka, akakoroga. Halua ikazidi uzito. Kila alipotaka kupumzika, Shaame alimkumbusha kwa adabu kwamba ikiachwa itaungua. Alipouachia mwiko, alishindwa kuinua mkono kujifuta jasho. Shaame asingempa mwiko ule, afisa angeondoka na uji wake kichwani.

Lakini afisa alikuwa na neno jingine. Alisema amesikia mtaani kwamba Faki aliumia mpirani, na ofisi haitibu mpira. Wote wakamtazama Bi Time, kwani siku ya ajali walikuwa wawili tu kiwandani, yeye na Faki.

"Aliangukia hapa," akasema Bi Time. "Samli niliimwaga mimi, nikasema nitaifuta baadaye."

Alijua anachojiletea. Kiwanda kiliamriwa kufungwa kitengenezwe sakafu, tena msimu wa sikukuu, halua inapogombewa. Asingesema, kibali kisingetoka.

Kikatoka. Faki akafanya mazoezi huku akiguna, na Bi Mize hakumwonea huruma hata kidogo. Mkono ukafika kidevuni, ukafika sikioni, mpaka asubuhi moja akaitoa kofia yake juu ya kabati bila kufikiri, kisha akabaki ameikodolea macho. Mkewe alipiga kigelegele.

Sasa, kiwandani pale wana desturi. Mkorogaji akirudi kutoka ugonjwani, kikapu chake cha kwanza cha halua humpa mtu mmoja aliyemrudisha kazini. Hakigawanywi, maana kukigawa ni kukwepa kushukuru.

Faki akakoroga mpaka halua ikaiva. Akajaza kikapu, akasimama mbele ya watatu wale. Bi Mize akasema apewe Bi Time. Bi Time akamwonyesha Shaame. Shaame, kwa mara ya kwanza, hakuwa na maskhara. Alisema ni cha Bi Mize.

Basi Faki bado amesimama, kikapu amekinyoosha kwa mkono wa kulia, na mkono wala hautetemeki. Je, wewe ungempa nani?