Farasi Aliyeingia Mferejini

"Hadithi inabisha hodi!"
"Ifungulieni, ikae!"
"Imetoka mbali, Uajemi."
"Ipumzike, kisha ituambie!"

Hapo zamani za kale, Uajemi, kila mnyama alizaliwa na kazi yake. Korongo alikuwa kuhani, akitunza moto mtakatifu. Farasi alikuwa askari. Paka mwenye manyoya marefu alikuwa karani wa mfalme, ingawa muda mwingi alilala juu ya zulia.

Na Punda je? Punda alilima, akabeba, akazibua mfereji uliopita chini ya ardhi ukileta maji kutoka mlimani. Wenzake waliyanywa maji yale, kisha wakamcheka kwa matope yake.

Siku moja Punda aliumia mguu. Udongo ukaporomoka mferejini, maji yakakatika.

Punda akachechemea hadi kwa Korongo, akamwomba akazibue. Korongo akasema mdomo wake ni wa dua, si wa udongo. Akaenda kwa Farasi. Farasi akasema kwato zake ni za vita. Akaenda kwa Paka. Paka akafumbua jicho moja, akasema atalifikiria, akalifumba.

Basi Punda akarudi zake kulala.

Jua likawaka. Korongo aliomba dua hadi sauti ikamtoka kama mlango mbovu. Paka alijilamba, ulimi ukanasa kwenye manyoya. Naye mtoto wa Farasi akalala chini, asiweze kusimama.

Farasi akamtazama mwanawe. Akavua mavazi yake ya vita, akamwendea Punda, akainamisha kichwa.

"Dada Punda, nifundishe kuchimba."

"Na vita umemwachia nani?"

"Mwanangu anakufa kwa kiu, dada."

Punda akaacha utani. Akachechemea hadi mferejini, akamwelekeza. Farasi akachimba. Korongo akaona haya, akashuka, akazoa udongo kwa mdomo ule ule wa dua. Hata Paka alikuja, akikwangua huku akinung'unika.

Maji yakabubujika. Mtoto akanywa, akasimama.

Mfalme Simba alipopita, akakuta wanyama waliotapakaa matope. Akauliza kuhani ni yupi, askari ni yupi, karani ni yupi. Wote walikuwa wanakunywa.

Basi, ndugu zangu, cheo hakikati kiu. Anayekunywa asimcheke anayechimba.

Hadithi yangu imekoma. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.