Mafundo Matatu ya Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitikia kwa pua? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Watoto, mtasukumana baadaye. Na nyinyi wakubwa msisinzie, maana hadithi hii inawahusu nyinyi zaidi. Mimi shule niliiacha mapema, na bado wenye vyeti mmekaa chini mnanisikiliza. Dunia ina mambo.

Hapo zamani za kale, nyikani kulikuwa na fundi mmoja wa nyumba, naye ni Muhanga. Masikio marefu, pua ndefu, kucha kama majembe. Akianza kuchimba unasikia tifu, tifu, tifu, na kabla hujameza mate, nyumba ipo. Muhanga alikula mchwa, na mchwa huleta kiu. Kwa hiyo alilipwa kwa matango pori, yale yanayokaa chini ya udongo, yaliyojaa maji. Nyumba moja, matango sitini.

Nani ana matango sitini kwa mkupuo? Wewe unayo? Huna. Hata wanyama hawakuwa nayo. Basi Muhanga akawa anakopesha. Anakuchimbia leo, unahamia leo, unalipa matango matatu kila mwezi ukiandama.

Lakini hakumkopesha kila mwenye mkia. Kwanza alitaka kuona ugwe wako.

Ugwe ni kamba nyembamba. Wanyama wote waliweka akiba yao ghalani kwa Panya Buku, na juu ya kila kikapu uliningʼinia ugwe wa mwenyewe. Kila mwezi ukiweka akiba, Panya Buku anaurefusha ugwe wako shibiri moja. Ukikosea, anapiga fundo. Hakemei. Anapiga fundo, anakutazama, basi. Siku ukitaka nyumba, anakukabidhi ugwe, unaubeba mwenyewe kwa mdomo mpaka kwa Muhanga.

Sasa, Mama Ngiri alikuwa na mimba iliyokaribia kugusa ardhi, na nyumba yake ya zamani ilikuwa imeporomoka. Pu! Ikabaki vumbi. Huku mawingu ya masika yanajikusanya. Watoto wa ngiri wakizaliwa kwenye mvua hawaoni wiki ya pili. Yeye alilijua hilo. Nyumba aliitaka, na aliitaka sasa.

Ugwe wake ulikuwa mrefu, shibiri kumi na nne. Lakini ulikuwa na mafundo matatu.

La kwanza, alichelewa siku mbili kuweka akiba. Alikuwa amelala topeni. Tope lilikuwa zuri, afanyeje?

La pili ni la aibu. Mnajua ngiri haingii shimoni kwa uso. Huingia kinyumenyume, ili pembe zibaki mlangoni zikimsubiri adui. Basi na ghalani aliingia hivyohivyo, matako mbele, akaangusha matango yake matatu kwenye kikapu cha Nungunungu.

"Mama," Panya Buku alimwambia, "hapa ni ghalani, si kwako. Hakuna simba humu. Ingia kwa uso."

Na la tatu, alichukua matango matano siku ambayo kiangazi kilikuwa kimebakiza manne tu kikapuni mwake. Alihesabu vibaya. Na nyinyi msicheke, humu kuna watu hawajui hata wana watoto wangapi.

Mafundo matatu tu, tena madogo. Lakini siku alipokabidhiwa ugwe, Ngiri aliyaona makubwa kama vichuguu. Akaenda hatua kumi, akasimama. Atanikubalia? Akaenda hatua kumi, akasimama. Atanikatalia? Mkia juu, mkia chini. Mkia juu, mkia chini.

Njiani akakutana na Nungunungu.

"Shoga, mbona unatembea kama umekanyaga miiba? Maana mimi yangu yote ninayo."

Ngiri akautua ugwe chini. "Naenda kwa Fundi. Nina mafundo matatu, shoga. Nitalala wapi na hili tumbo?"

Nungunungu akauzunguka ule ugwe, akacheka. "Na meno yote hayo unahangaika? La mwisho liko ncha kabisa. Lingʼate. Matatu yanakuwa mawili. Fundi mwenyewe mchana haoni hata kivuli chake."

"Siwezi."

"Utaweza mvua ikianza."

Nungunungu akaenda zake, kwacha, kwacha, miiba ikigongana. Ngiri akatazama mawingu. Akatazama fundo. Akafumba macho. Kacha! Fundo likakatika, na kwa hofu akalimeza.

Mnadhani alipata nafuu? Kwanza alikuwa na wasiwasi wa makosa madogo ambayo kila mtu anayo. Sasa alikuwa na kosa la kweli, na limo tumboni. Mkia haukuenda juu tena. Ulikwenda chini tu.

Akamkuta Muhanga ameketi mlangoni kwake. Fundi hakuangalia. Alinusa. Pua ilipita juu ya ugwe polepole, fu, fu, fu.

"Hili ni la kuchelewa," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Hili umeingia ghalani matako mbele."

"Ndiyo, Fundi."

Pua ikasogea kuelekea ncha. Angeweza kunyamaza. Labda pua ingepita. Lakini akasema, "Na kuna la tatu. Nimelimeza."

Masikio ya Muhanga yakasimama. "Umelimeza?"

"Nimelimeza, Fundi. Niliogopa."

Mchwa mmoja akapanda puani mwa Muhanga, naye Fundi akamla. "Nimechimba nyumba miaka mingi. Sijawahi kuletewa mtu aliyekula fundo. Rudi kwa Panya Buku akupigie upya. Mwambie mwenyewe, mbele ya waliopo."

Na waliopo walikuwa wengi, maana ndiyo siku ya kuweka akiba. Foleni ilifika mpaka nje, na katikati yake Nungunungu akitazama juu kama anahesabu ndege. Ngiri akapita mbele yao wote. Akaingia ghalani kwa uso. Akasema alichofanya, na jina la aliyemshauri hakulitaja.

Panya Buku hakukemea. Akapiga fundo moja mahali pa lile lililomezwa. Kisha akapiga jingine.

"Hilo la nini?" Ngiri akauliza.

"La kumeza."

Mara ya kwanza alitoka humo na mafundo matatu, sasa anatoka na manne. Njia nzima alikuwa akijiambia, nimekwisha, mimi na wanangu tumekwisha.

Muhanga akanusa ugwe mwanzo hadi mwisho. "Manne."

"Manne, Fundi."

"Ile siku uliyochukua matano, la tano ulirudisha lini?"

"Kesho yake, jua halijawa kali."

"Na siku ya kikapu cha Nungunungu?"

"Niliyahamisha papo hapo."

"Na siku ya tope?"

"Nilipeleka manne badala ya matatu."

Muhanga akatikisa kichwa. "Jana alikuja Pimbi hapa. Ugwe wake laini, hauna fundo hata moja. Amejaa majivuno. Nikaupima, nikakuta shibiri moja. Ameweka mara moja tu, juzi. Mtu huyo sijui akijikwaa atafanya nini, maana hajatembea. Wewe una shibiri kumi na nne. Mimi napima urefu kwanza. Kisha kila fundo naliuliza, kesho yake mwenyewe alifanya nini."

Ngiri akasubiri.

"Nyumba utapata," Muhanga akasema. "Ila utalipa sitini na tano. Matano ni ya kula kamba ya watu."

"Hata sabini, Fundi."

"Usiongeze. Ndiyo maana unakosea hesabu."

Akageuka akaanza kazi. Tifu, tifu, tifu. Udongo ukaruka mpaka ukamfunika Ngiri kichwa, naye akakaa hapohapo akitabasamu na mchanga kinywani.

Siku ya tatu mvua ikaanguka. Ikapiga siku nne mfululizo. Watoto wanne wakazaliwa ndani, wakavu, wanono, wanalia kwii, kwii. Nungunungu akaja kutoa pongezi, maji yanamchuruzika kwenye kila mwiba.

"Shoga, nyumba kubwa hii."

"Ina deni," Ngiri akasema, akamsogezea nafasi. "Lakini ni kavu. Ingia."

Basi, mlionyamaza na mliokuwa mnatafuna, sikieni. Kosa dogo ulilolirekebisha halikufungii mlango. Kinachokufungia ni kulificha. Anayekukopesha anajua kila mtu hujikwaa, anachotaka kujua ni kama uliinuka.

Hadithi yangu imeishia hapo ilipoishia. Anayetaka ndefu zaidi akachimbe ya kwake.