Ng'ombe Mwekundu wa Zizi la Umoja

Zizi moja halina kidonda cha jirani.

Vijana wa Buhembe walilisikia neno hilo kwa mjumbe aliyekuja kuwaambia kwamba nchi yao na nchi ya Usinga, ng'ambo ya mto, zinataka kuungana tena. Mjumbe alilisema, akanywa togwa, akaenda zake bila kufafanua, kama ilivyo kawaida ya wajumbe. Basi walipokuwa wakiziba ua wa miiba wa Mzee Rwamboga, wakamuuliza neno lile limetoka wapi.

"Mmefika kwa mwenyewe," alisema Mzee Rwamboga, akajiweka sawa juu ya kigoda. "Methali hiyo nimeirithi kama nilivyorithi pua hii. Na kabla sijaanza, shikeni jambo moja: katika maafa yaliyoizaa, hakuna Mhembe hata mmoja aliyekuwa na hatia. Sisi hatufichi jambo. Mhembe akiumwa jino, kijiji kizima hakilali."

"Hilo tunalijua, babu," alisema Kemilembe, mmoja wa vijana wale, akimtazama mwenzake Byabato, ambaye jino lake lilikuwa limewakesha watu juzi.

Mzee akangoja kicheko kiishe, ndipo akawaeleza chanzo cha methali ile.

Zamani Buhembe na Usinga zilikuwa nchi mbili, na kila moja ilikuwa na ng'ombe wengi wa kuibiwa na watu wachache wa kuwalinda. Wanyang'anyi wa kaskazini walilijua hilo vizuri. Wakivamia Buhembe, Wasinga walipanda kilimani kutazama moshi. Wakivamia Usinga, Wahembe nao walipanda chao, wengine wakibeba na mahindi ya kutafuna. Katika uvamizi mmoja, mchungaji Mhembe aliyeitwa Mulinda aliuliwa mkewe. Akabaki na binti mchanga, Kokwenda, akawa anamlea kwa maziwa ya ng'ombe.

Mulinda ndiye aliyevuka mto kwenda kuwaambia Wasinga, "Tukizidi kutazamiana moshi, iko siku hatabaki wa kutazama." Neno lile liliwaingia. Watemi wawili wakala kiapo, na mpakani likajengwa zizi moja kubwa, nguzo za Usinga, miiba ya Buhembe. Mulinda na Msinga mmoja aitwaye Ngeleja wakawekwa wakuu wa wachungaji. Wanyang'anyi walipokuja tena walikuta mikuki ya nchi mbili, wakakimbia hata makubazi wakayaacha.

Zizi lile lilikuwa na sheria moja: ndani yake hakuna kusema "wetu" wala "wenu". Kila mchungaji aliwajua ng'ombe waliotoka kwao kama mama awajuavyo wanawe gizani, lakini kumtaja ng'ombe kwa nchi yake lilikuwa kosa. Mkosaji alitwishwa kapu la samadi, akazungushwa zizini akiimba sifa za nchi zote mbili, na wenzake wakimsahihisha kila akikosea ubeti. Mulinda mwenyewe alikwisha kulibeba. Alicheka kuliko wote siku ile, maana alikuwa amewahi kubeba mzigo mzito zaidi.

Mwaka wa pili, sherehe ya muungano ilipokaribia, Mulinda alimwona ng'ombe mmoja mwekundu akichuruzika udenda. Alimshika taya, akamfunua mdomo, akaona ufizi umebanduka na kidonda kinanuka. Alijua ni sotoka, tauni ya ng'ombe, kwani ndiyo iliyomaliza ng'ombe wa baba yake. Ukiwahi, unamtoa mgonjwa kwenda mbali, unawatenga aliolala nao, na unawatangazia watu. Ukichelewa, unabaki na ngozi. Lakini ng'ombe yule, kwa maneno ya Mzee Rwamboga, alikuwa ametoka Usinga.

Mulinda alimfuata Ngeleja kwenye birika la kunyweshea.

"Ndugu Ngeleja, yule mwekundu wa..."

"Malizia, mwenzangu," alisema Ngeleja. "Kapu liko pale, na leo samadi ni mbichi."

Wachungaji wakacheka.

"Sina mzaha. Hebu njoo umtazame mdomo."

"Mwekundu yupi? Wekundu wamejaa humu."

"Yule aliyekuja na kundi la..." Mulinda akakwama tena.

"Kundi la wapi?" aliuliza Msinga mmoja, na huyu hakuwa akicheka. "Sema tu. Huyo mgonjwa ametoka kwa nani?"

Wasinga walikuwa wamesogea upande mmoja wa birika na Wahembe upande wa pili, na hakuna aliyewaambia wasogee. Mulinda alitazama ile nafasi iliyobaki katikati. Aliwaona tena watu juu ya kilima, na mahindi yao.

"Amechomwa na mwiba, nadhani," alisema. "Si kitu."

"Si ulisema huna mzaha?" alisema Ngeleja, na kicheko kikarudi.

Jioni Mulinda alimsukuma yule mwekundu katikati ya kundi ili wageni wa sherehe wasimwone. Akajiambia moyoni kwamba kile ni kidonda cha jirani, mwenyewe atakiona na mwenyewe atasema.

Sherehe ilikuwa na desturi yake. Kila nyumba ya nchi zile mbili ilipewa ng'ombe mmoja kutoka zizini akalale kwao, wanywe maziwa yake bila kuuliza ni wa nani. Watemi walikunywa kibuyu kimoja, watu wakacheza mpaka vumbi likafika magotini. Kisha ng'ombe wakatawanywa, na sotoka ikaenda nao mlango kwa mlango, ikipokewa kwa vigelegele.

Mwezi haukuisha ng'ombe wakaanza kuanguka. Tai walishiba hata kuruka hawakuweza, wakawa wanatembea vijijini kama kuku. Wanyang'anyi walikuja, wakakuta mizoga, wakaziba pua na kurudi walikotoka. Baada ya ng'ombe wakafuata wazee, kwa njaa, na baada ya wazee, watoto waliokuwa wakilelewa kwa maziwa. Mulinda alimchemshia Kokwenda mizizi. Mtoto aliisukuma nje kwa ulimi, akageukia ukuta. Alimzika peke yake, kwa kuwa wote wenye nguvu za kushika jembe walikuwa na wa kwao wa kuzika.

Hapo likaitwa baraza. Wahembe wakasema ugonjwa umetoka Usinga, Wasinga wakasema umetoka Buhembe. "Wetu" na "wenu" zote zilizokuwa zimemezwa miaka ile zilitapikwa siku moja, na hakuna aliyekumbuka kapu. Mikuki ilikuwa imekwisha kuinuliwa Mulinda aliposimama.

"Mimi nilikiona," alisema. "Nilikiona mapema, nikanyamaza. Nilisema ni kidonda cha jirani. Lakini zizi moja halina kidonda cha jirani. Siku tulipochanganya ng'ombe tulichanganya na vidonda, na sisi tulidhani tumechanganya maziwa peke yake."

Mikuki ilishuka, lakini watu hawakupeana mikono. Wasinga waling'oa nguzo zao, Wahembe wakabeba miiba yao, na muungano ukaishia hapo.

"Basi mmeelewa," alisema Mzee Rwamboga. "Mulinda alikuwa kaka yake baba yangu. Kosa lake lilikuwa adabu tu. Aliona haya kumwambia Msinga habari za ng'ombe wa Kisinga. Kwa hiyo mkiungana nao, kwanza wafunueni ng'ombe wao midomo."

"Mwekundu yule alitoka Buhembe."

Aliyesema alikuwa Bibi Kabula, ajuza aliyeolewa hapo kijijini kutoka Usinga miaka mingi nyuma. Alikuwa akipita na mzigo wa kuni, akasimama nje ya ua, na hakuna ajuaye alikuwa amesimama kwa muda gani.

"Shemeji," alisema Mzee, "hayo ni mambo ya zamani sana."

"Ni ya zamani kwako, ulikuwa hujazaliwa. Mimi ni binti wa Ngeleja. Katika zizi lile nilikuwa nakamua, na mwekundu nilimkamua kwa mikono hii. Alikuwa ng'ombe wa Mulinda. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea Kokwenda. Angemtenga, mtoto angekunywa nini? Akamficha. Hayo maneno ya birikani nayasikia leo. Mulinda hakwenda kumwambia mtu."

Byabato aliacha kuziba ua.

"Na usifurahi, mjukuu wangu," Bibi Kabula alimwambia Kemilembe, aliyekuwa ameanza kutabasamu. "Baba yangu naye alimwona. Nilimwonyesha mimi. Akaniambia, 'Nyamaza, mwanangu, kile ni kidonda cha jirani.' Neno hilo ni la baba yangu. Mulinda alilijibu barazani, baada ya kuzika."

Alimgeukia mwenye ua.

"Ndugu zangu wanne walikufa, Rwamboga. Na wewe bado unamtafuta jirani wa kumvisha kidonda. Haya, waambie watoto tena hiyo methali, niisikie nami."

Mzee alitazama chini. Sauti aliyoitoa haikuwa ile ya kusimulia.

"Zizi moja," alisema, "halina kidonda cha jirani."