Nambuya na Tuta la Jirani

Tulieni, na anayetaka kucheka akachekee kwao. Zama zile Kinamasi cha Lukolongo kilipokuwa hakina mwenyewe ila viboko, aliishi Nambuya binti Ngulumbi, wa ukoo wa wasusi wa mikeka ya mafunjo, Mwanamke wa Bega Pana, aliyebeba peke yake kikapu cha udongo kilichowashinda wanaume wawili. Ndiye aliyewaleta babu zetu hapa na kuwafundisha kujenga kila nyumba juu ya tuta.

Mlimani alitawala Mwene Litunu, mtu asiyewahi kulowa hata kifundo cha mguu. Huyo aliamuru mafunjo yetu yachomwe ili ng'ombe wake wapate malisho. Masika yalipofika, maji hayakuwa na cha kuyapunguza kasi, yakazoa nyumba kumi na mbili na watu waliokuwamo. Ndipo Mwene, bila haya, akatuma mjumbe: "Hameni. Kinamasi si mahali pa binadamu."

Nambuya akapanda mlimani na matope yake miguuni, akasimama juu ya mkeka wa Mwene, akatamka: "Uliyachoma wewe, tukafa sisi. Hatuhami."

Aliporudi akawageukia watu wake kwa hasira ileile, maana nao walikuwa na lao: kila mtu alikuwa akiinua tuta lake kwa kuchimba udongo chini ya tuta la jirani. Wajinga hao ndio babu zetu. "Tangu leo," akasema, "hakuna atakayetia udongo mlangoni kwake. Kila mmoja atampandishia jirani, na mafunjo tutayapanda upya kwa mikono yetu."

Kulipandishia udongo tuta la Nambuya kukawa kazi ya shemeji yake, Chilima. Na huyu, jamani, alikuwa akimwaga vikapu viwili kwake na kimoja kwa Nambuya, naye mwenye nyumba hakuwapo kuona, yuko kwa watu anabeba.

Mwaka wa nne mafuriko yakaja. Mafunjo machanga yakayashika maji, matuta yote yakasimama isipokuwa moja. Nambuya aliingia kumtoa mama yake mzee, akamrusha juu ya mafunjo akiwa hai, kisha nyumba ikaenda naye. Hakuonekana tena.

Hatukuhama. Tuta lake lipo, halina nyumba, na kila kiangazi ukoo wa Chilima hulipandishia udongo mbele ya watu wote. Mimi ni wa ukoo huo. Nimebeba tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kutuambia inatosha.