Mti wa Nyani na Hasira ya Mama Ngiri

Hadithi iko mlangoni!

— Ikaribishe!

Nikiikaribisha mtaisikiliza?

— Mpaka mwisho!

Basi hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa na bonde lao. Lilijaa majani mabichi, na katikati palikuwa na chemchemi. Wote walikunywa hapo, tembo kwa digidigi, na hakuna aliyemwambia mwenzake sogea.

Siku moja Nyani akarudi kutoka safari ya mbali. Mkononi alishika mche mdogo wenye miiba.

"Mti huu haujui kiangazi," akasema. "Una kivuli, una maganda ya mbegu, matamu kama asali. Niacheni niupande, mtanishukuru."

Nyati, aliyekuwa mkubwa wa bonde, akauliza, "Huko ulikoutoa, wenyewe wanaupenda?"

"Wanaupenda mno!"

Nyani alidanganya. Huko alikoutoa wenyewe walikwisha kuhama, wameuachia mti nchi yao.

Mti ukapandwa, ukakua, ukazaa. Punda Milia akala maganda, akalamba midomo. Swala akala. Nyati akala. Wakala, wakatembea, wakanya huku na huko.

Sasa palikuwa na Mama Ngiri, mwenye mtoto mmoja tu aliyeitwa Sikitu. Ngiri huchimba mizizi, kwa hiyo macho yake yako chini siku zote. Akaona mche kwenye kinyesi cha Punda Milia. Akafuata nyayo. Penye kinyesi, mche. Mbele tena, kinyesi, mche.

Akaenda kwa Nyati. "Bwana Nyati, mti wa Nyani unatembea."

Wanyama wakaangua kicheko. "Mti una miguu?"

"Miguu yake ni nyinyi! Mnakula mbegu huku, mnakwenda kuzinya kule."

Nyani akasema, "Msikilizeni huyu, kazi yake kutia pua kwenye mavi ya watu." Wakacheka mpaka wakagaagaa.

Mama Ngiri akarudi mara ya pili. "Bwana Nyati, mti umefika malishoni. Chini yake hakuoti kitu."

"Mama Sikitu, una kelele. Hebu tule kwanza."

Akarudi mara ya tatu. "Bwana Nyati, mti umefika kwenye chemchemi!" Nyati alikuwa amelala kivulini, chini ya mti uleule. Hata jicho hakufumbua.

Haukupita muda, miti ikaizunguka chemchemi, miiba imeshikana kama ukuta. Aliyeweza kupita ni Nyani peke yake, kwa kurukia matawi. Akakaa juu, akasema, "Anayetaka maji anikune mgongo kwanza, nami nitamfungulia njia."

Na Nyati, pembe zake zote zile, akamkuna Nyani mgongo.

Sikitu alikuwa mtoto, kiu ikamshinda. Akajipenyeza chini ya miiba. Mwiba ukamwingia gotini, ukakatika humo ndani. Akalia mpaka sauti ikamkauka. Mama yake akamvuta, akauchomoa mwiba kwa meno, lakini ncha ilibaki. Goti likavimba, likatunga usaha. Sikitu akapona, ila mguu haukunyooka tena.

Mama Ngiri akaingia kwenye baraza la wanyama, manyoya ya mgongo yamesimama wima.

"Nilikuja mara ya kwanza, mkacheka," akasema. "Nilikuja mara ya pili, mkanifukuza. Nilikuja mara ya tatu, mkalala. Haya, huyu hapa mwanangu anachechemea. Chekeni! Punda Milia, cheka nisikie! Bwana Nyati, mbona hucheki?"

Baraza zima likainama. Nyati akasema kwa sauti ndogo, "Tufanye nini, mama?"

"Leo ndiyo unaniuliza?"

Tembo akasimama, akauvunja mti mmoja kwa mkonga. Baada ya siku chache kisiki kikachipua matawi mengi kuliko ya kwanza. Nyati naye akaponda mwingine kwa kwato. Ukachipua. Mama Ngiri akapiga magoti, akachimba, akachimba, akaufuata mzizi hadi chini, akaukata huko. Ule haukuchipua.

"Hivi," akasema. "Na wote mnachimba."

Wakachimba mpaka njia ya majini ikafunguka. Waliokula maganda wakazuiwa mahali pamoja mpaka matumbo yao yakawa safi. Ndege wakapewa zamu ya kuzunguka bonde. Wakiona mche, walie.

Lakini kila asubuhi ndege walilia. Miche ilitokea hata pale ambapo hapana kinyesi. Mama Ngiri akanusa udongo, akaona alama za vidole. Akaita wanyama wote.

"Nataka kuwajua wanaolipenda bonde hili," akasema. "Anayelipenda aachame, apige kelele: Haaa!"

Tembo akaachama, "Haaa!" Nyati, "Haaa!" Digidigi kwa kisauti chake, "Haaa!"

Nyani akaguna, "Mmm."

"Achama, Bwana Nyani."

"Mmm! Mmm!"

"Hulipendi bonde letu?"

Nyati akamwendea, pembe mbele. Nyani kwa hofu akaachama, na mbegu zikamwagika kutoka mashavuni, porororo, mbele ya kila mtu!

Wakataka kumuua. Mama Ngiri akasema, "Hapana. Akifa atapumzika. Ang'oe."

Nyani akapiga magoti. "Mama Sikitu, nisamehe."

"Goti la mwanangu likinyooka, njoo uniulize tena. Kachimbe."

Ndiyo maana hadi leo mnamwona nyani ameinama, anachokonoa ardhi kwa vidole. Na ngiri hadi leo huchimba amepiga magoti. Bonde lilirudisha majani, si lote. Pembeni kuna mahali mti ulishinda, na hakuna mnyama alaye huko.

Watoto wangu, shikeni hili. Mtu akikuletea kitu kizuri kutoka mbali, muulize kimewafanya nini wa huko kilikotoka, na jibu la mdomo lisikutoshe. Na anayekuambia "nimeuona mche" msikilize siku hiyohiyo, ungali mche. Ukimcheka, mtoto wa mwenzio ndiye atakayechechemea.

Hadithi imetoka kinywani mwangu imeingia masikioni mwenu. Mimi sinayo tena, mnayo nyinyi!

— Tumeipokea!